Somo: Kushona kwiliti bila meno, tuanze na kitambaa cha kushikia sufuria

Ndugu zangu, anayejifunza kushona kwiliti, yaani tabaka tatu za kitambaa zinazoshonwa pamoja, kwa kutembeza kitambaa kwa mikono badala ya meno ya cherehani (vile vyuma vya chini ya sindano vinavyosukuma kitambaa), asianze na kitandiko cha kitanda kizima. Uzito wake huvuta mikono, mistari inapinda, moyo unavunjika. Anza na sentimita 20 kwa 20. Mafundi wa Kariakoo hubaki na vipande vya vitenge, waombe.

Kwanza karatasi. Chora mstari unaojipindapinda bila kuinua kalamu na bila kujikata, mpaka ukurasa ujae. Mkono ukizoea, njoo kwenye cherehani.

Panga kitenge juu, blanketi kuukuu la pamba katikati, kitambaa cha pamba chini. Blanketi la nailoni usiweke, sufuria ya moto italiyeyusha. Bana kwa pini kila upana wa kiganja.

Shusha meno ili yasivute kitambaa. Funga sindano namba 14 na mguu wa kudarizi, ule wenye kiduara. Kisha uteremshe mguu huo! Hapa ndipo wengi wanapoharibu: kitambaa kinateleza vizuri, mtu anausahau mguu juu, uzi unalegea na kujisokota chini kama nywele zisizochanwa.

Vuta uzi wa bobini, yaani uzi wa chini, uje juu, shika nyuzi zote mbili, shona mishono mitatu minne papo hapo. Halafu kanyaga kwa mwendo mmoja, mikono itembee taratibu. Mishono ikiwa mirefu, mikono imekimbia, ikirundikana, imechelewa. Macho yaelekee unakokwenda, sindano iache.

Joto letu la Dar hulowesha viganja, kwa hiyo mimi huvaa glovu za mpira.

MASWALI

Mbagala: Shikamoo mwalimu. Cherehani yangu ya kukanyaga haina pa kushushia meno.
— Marahaba mwanangu. Kata kadi ngumu, toboa tundu la sindano, ibandike kwa selotepu juu ya meno. Urefu wa mshono weka sifuri. Na umeme ukikatika, wewe unaendelea.

Tabata: Uzi wa juu unakatika kila mara.
— Badili sindano kwanza, hata ukiiona nzima. Kisha legeza uzi wa juu kidogo. Usivute kitambaa kwa ghafla, sindano hupinda.

Kigamboni: Lini nihamie mto wa kochi?
— Upande wa nyuma ukifanana na wa mbele. Kile kipande cha kwanza usikifumue, dada. Kiandike tarehe ukitunze.