Jinsi ya Kuiona Barafu ya Ziwa Superior Ikipanda Ufukweni

Ndugu zangu mnaopanga kuja Duluth, Minnesota, kuangalia barafu, msianze kwa kuuliza baridi ni nyuzi ngapi. Ulizeni upepo unatoka wapi. Mimi ni mtoto wa Kisumu, huku nafanya uuguzi zamu ya usiku, na barafu nzuri kuliko zote nimeziona asubuhi nikitoka kazini, upepo ukiwa wa mashariki.

Superior ndilo ziwa pekee lisilo na chumvi linalolipita Victoria kwa eneo: kilomita za mraba 82,000 hivi. Tena lina kina cha hadi mita 406, ndiyo maana huchelewa kuganda. Ukija Desemba utakuta mawimbi tu. Njooni kati ya mwisho wa Januari na mwanzo wa Machi.

Kwanza unahitajika usiku mtulivu, anga wazi, nyuzi 15 au 20 chini ya sifuri. Maji yanajifunika utando wa barafu safi, unene wa sentimita chache. Kisha upepo wa mashariki au kaskazini-mashariki unaamka, unauvunja utando ule na kuusukuma hadi Duluth, maana mji umekaa kwenye ncha ya magharibi ya ziwa na barafu haina pengine pa kwenda. Mabamba yanapandana juu ya mawe, moja juu ya jingine, mpaka yanakuwa lundo. Kwa hiyo jioni angalieni utabiri: mkiona usiku shwari na asubuhi upepo wa mashariki, wekeni saa ya kuwaamsha.

Nendeni Brighton Beach, upande wa mashariki wa mji, mfike kabla jua halijachomoza. Linachomozea ziwani, hivyo mwanga unayapenya mabamba kutokea nyuma. Chuchumaeni mkague bamba moja. Ukilitazama usoni unaona mpaka kokoto zilizo chini yake. Ukilitazama ubavuni ni buluu, kwa sababu barafu isiyo na mapovu hufyonza wekundu wa mwanga na kuuachia ubuluu upite. Halafu nyamazeni. Vipande vikisuguana vinalia kwa sauti nyembamba, kali, pwani nzima, na sauti hiyo mimi naipenda kuliko hata picha.

Kukiwa na mawimbi na maji yamejaa rojorojo ya barafu, mtaona duara zinazoelea kama chapati, ila kingo zimeinuka kwa kugongana. Hizo zinapendeza zaidi mkiwa mahali palipoinuka.

Kuna pia vilima vyenye tundu kileleni, vinavyorusha maji kila wimbi linapopiga chini. Vipigeni picha kwa mbali. Vimejengeka kwenye ukingo wa barafu uliotangulia mbele juu ya maji, na ndani yake mna mapango yaliyofunikwa na theluji ambayo jicho haliyaoni.

Na hapa nasema kwa msisitizo: bakini nchi kavu. Idara ya Maliasili ya Minnesota inashauri angalau sentimita 10 za barafu mpya iliyo safi kabla ya mtu kutembea juu yake, na yenyewe inasema hakuna barafu salama kwa asilimia mia. Kwenye Superior hata unene hautoshi kukulinda, kwa sababu upepo ukigeuka kuwa wa magharibi, barafu nzima inaweza kung'oka na kuondoka na watu. Mtu akitumbukia, ageukie alikotoka, aweke mikono juu ya barafu, apige miguu kama anaogelea, akishatoka ajiviringishe asisimame.

Fungeni vyuma vya meno chini ya buti. Nguo ya ndani isiwe ya pamba, ikilowa jasho inawagandisha. Betri ya kamera ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Kamera yenyewe ifungeni kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kuingia ndani penye joto, isije ikatoka jasho.

Mapango ya barafu ya Apostle Islands, upande wa Wisconsin, ni safari nyingine. Yalifunguliwa mwaka 2014 na 2015, lakini misimu mingi ziwa haligandi vya kutosha. Pigeni simu kwa wahifadhi kabla ya kuwasha gari.