Jinsi ya Kuchagua na Kupima SSD ya Bei Nafuu

Mpiga video za harusi aliniletea laptopu yake hapa Mwembe Tayari akiwa na hakika kwamba SSD (diski ya kuhifadhi data isiyo na sehemu zinazozunguka) aliyoinunua kwa bei nafuu imekufa. "Fundi, faili za mwanzo huingia kama maji, halafu ghafla inakwama." Niliipima, nikaikuta diski nzima kabisa. Niliyomweleza siku ile ndiyo ninayoyaandika hapa, kwani ni heri mtu ayajue kabla ya kutoa pesa.

Hatua ya 1. Tazama tundu la mashine yako. SATA, mfumo wa zamani wa kuunganisha diski, huishia takriban megabaiti 550 kwa sekunde, ilhali NVMe, mfumo mpya zaidi, ikipita kwenye PCIe 3.0 (barabara ya data ndani ya kompyuta) yenye njia nne hufikia 3,500. Umbo la M.2, kijibao chembamba kinachochomekwa ndani ya mashine, lisikuhadae, maana zipo M.2 za SATA na za NVMe.

Hatua ya 2. Uliza aina ya seli, yaani vijumba vinavyotunza data. Hapa ndipo bei inapopunguzwa. Seli ya TLC hubeba biti tatu na ya QLC hubeba nne, yaani ni lazima itofautishe viwango 16 vya umeme, kazi inayochukua muda. Ili kuficha uzito huo, diski huandika kwanza biti moja tu kwa kila seli, kwa kasi kubwa, kisha huzipanga upya data inapopumzika. Eneo hilo la haraka likijaa katikati ya kunakili, QLC huweza kushuka chini ya megabaiti 100 kwa sekunde, kasi ambayo hata diski ya kuzunguka huishinda. Isitoshe, katika diski nyingi eneo hilo husinyaa kadiri unavyoijaza.

Hatua ya 3. Uliza kama ina DRAM, kumbukumbu ya haraka ndani ya diski inayoweka orodha ya mahali data ilipo. NVMe isiyo nayo huweza kuazima sehemu ndogo ya RAM ya kompyuta. SATA haina njia hiyo, hivyo huchelewa zaidi inapohudumia faili ndogondogo nyingi.

Hatua ya 4. Soma kikomo cha uandishi kwenye dhamana. Crucial P3 ya terabaiti 1, ambayo ni QLC, imewekewa terabaiti 220, na Samsung 870 EVO ya ukubwa huohuo 600. Karani anayeandika gigabaiti 20 kwa siku atahitaji miaka 30 kuzimaliza 220. Anayeandika 200 kwa siku atazimaliza katika miaka mitatu.

Hatua ya 5. Ipime ingali tupu, muda wa kuirudisha dukani haujapita. Tumia programu ya H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux, uiache ijaze diski yote. Tazama kasi inaposhuka, uandike ni baada ya gigabaiti ngapi. Kipimo hikihiki hufichua diski bandia zinazodai ukubwa zisio nao. Usipime kwa kunakili kutoka diski ya zamani ya USB, kwa sababu utakuwa unapima uzembe wa chanzo.

Hatua ya 6. Acha takriban asilimia 20 wazi, kisha kwenye Windows fungua Command Prompt (dirisha la amri) uandike `fsutil behavior query DisableDeleteNotify`. Jibu likiwa 0, TRIM, amri inayoiarifu SSD ni data gani imefutwa, inafanya kazi.

Yule mpiga video hakununua kitu kingine. Tuliibakiza SSD kwa mfumo na harusi anayoihariri wakati huo, na diski yake ya zamani tukaitia kwenye kasha la USB ihifadhi zilizokamilika.