Kula Kichina mezani pamoja, Mwanza

Meza huharibika pale kila mtu anaposhika menyu na kuagiza chake. Mkiwa sita mnaishia na kuku wa aina moja sahani nne. Mpeni mmoja kazi ya kuagiza, ila kwanza aulize nani hali nini na kila mmoja kajipanga na shilingi ngapi.

Hilo la nani hali nini msilipite juu juu. Nguruwe haji kwa vipande tu: mafuta yake huweza kukaangia mboga, na nyama nyingi hulowekwa kwa pombe ya mchele kabla ya kupikwa. Kwa hiyo ulizeni mafuta na pombe kwa majina. Mwenye mzio wa karanga asiguse kuku wa Kung Pao.

Hesabu ni sahani moja kwa kila mtu, wali pembeni. Sahani zikiwa kubwa, punguzeni moja. Kwa watu sita: samaki mzima, kuku, ng'ombe, mboga za majani, biringanya au tofu (jibini la maharage ya soya), na supu. Mapishi nayo yatofautiane. Vitu vitatu vya tamu-chachu, ulimi umechoka kabla ya samaki kufika.

Na kwa samaki, Mwanza hatuna cha kuonea wivu mji mwingine. Agizeni sato mzima wa mvuke, wa gramu 700 hivi, mwenye tangawizi, vitunguu vya majani na sosi ya soya, kisha mafuta ya moto yamwagwe juu mwishoni hadi yalie chwaa. Aliyeiva vizuri, nyama inaachia mfupa kwa kijiko na bado ina unyevu. Akizidi dakika chache anakuwa pamba. Sangara ni mkubwa, huja minofu, na mnofu wake mzito ndio unaobeba tamu-chachu. Mkimaliza upande wa juu wa sato, nyanyueni mfupa kuanzia mkiani mle wa chini. Msimgeuze: kwa wavuvi wa kusini mwa China, kumgeuza samaki ni kupindua mashua. Mvuvi wa Kirumba hahitaji kufafanuliwa hilo.

Sahani huja kadiri zinavyoiva, basi msingojeane. Wali ombeni uje na sahani ya kwanza, maana huweza kuletwa mwishoni. Kila sahani iwe na kijiko chake. Vijiti vya kulia vilivyoingia mdomoni havirudi kwenye sahani ya wote. Chota upande wako, kidogo, bila kupekua. Meza ikiwa na kioo cha kuzunguka, zungusha polepole kufuata mshale wa saa, ukitazama kwanza kama kuna mkono unaochota. Chupa za soda zisikae juu yake, zitaanguka. Vijiti visisimamishwe ndani ya wali, hufanana na udi wa msibani. Vikikushinda, omba kijiko, hakuna atakayekucheka.

Chakula gawaneni sawa, bia kila mtu alipe zake, na kabla ya kuchanga ulizeni kama VAT imo kwenye bei ya menyu.