Jinsi ya Kulifanya Gitaa la Solo Liimbe: Nilichojifunza kwa Yuri Kasparyan Nikiwa Ngamiani

Mjomba wangu alirudi Tanga mwaka 1991 baada ya kumaliza masomo Leningrad, mji ambao leo ni St Petersburg. Sandukuni alikuwa na kaseti ya bendi inayoitwa Kino. Nilikuwa na miaka kumi na minne na Kirusi sikukijua, lakini gitaa la solo nililielewa jioni ile ile, barazani kwetu Ngamiani. Mpigaji alikuwa Yuri Kasparyan. Vijana ninaowafundisha huniuliza nimejifunza wapi kupiga noti chache namna hii. Nimejifunza kwake, na wewe unaweza kuanza leo.

Gitaa liweke chini kwanza. Imba. Kasparyan, aliyezaliwa Simferopol tarehe 24 Juni 1963, alisomea selo kabla ya gitaa la umeme. Selo ni ile fidla kubwa inayokaa katikati ya magoti, inayopigwa kwa upinde. Mimi naisikia selo hiyo katika kila anachopiga: noti inavutwa, inaachwa ipumue, ndipo inakuja ya pili. Chukua wimbo mmoja wa albamu ya Gruppa krovi ya mwaka 1988. Sikiliza gitaa kabla Viktor Tsoi, mwimbaji wa Kino, hajaanza kuimba, halafu liimbe kwa la-la-la mpaka aliye chumba cha pili akuitikie. Usichoweza kukiimba, vidole havitakipata.

Sasa kitafute kwenye uzi mmoja tu, wa kwanza au wa pili, ukipanda na kushuka shingoni mwa gitaa. Wanafunzi wangu hapa hulalamika, kwa sababu wameshajua kodi kumi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, na wanataka zionekane. Vumilia. Kwenye uzi mmoja unaiona kwa macho safari ya kutoka noti hadi noti, na mkono unajifunza umbali. Washa programu ya kuhesabu mapigo kwenye simu, anza na mapigo 80 kwa dakika, na uongeze manne kila ukipiga mara kumi bila kukosea.

Mapigo ndiyo yanayotusumbua sisi watu wa pwani. Tumekua na chakacha na mdundiko, na mkono wa kulia unataka kuyumba. Na wazee wetu wa bendi za Atomic na Jamhuri, waliolipa jina jiji hili katika muziki wa dansi, walifanya solo lizunguke juu ya rizim mpaka mtu ainuke kitini. Nawapenda mno wazee hao. Lakini Kino walikwenda moja kwa moja, kama mtu anayetembea barabarani usiku na anajua anakokwenda. Mpiga dramu wao, Georgy Guryanov, alipiga akiwa amesimama. Kwa hiyo piga piki, kile kipande kidogo cha kukwanyulia nyuzi, kwa kushuka tu, kila pigo sawa na lililotangulia. Mwenzako akung'ute gitaa la rizim, wewe ukae juu yake bila kukimbia.

Sauti ya amplifaya iwe safi, isikwaruze sana. Ukiwa na kifaa cha mwangwi, kipange kwa hesabu: gawa 60,000 kwa mapigo ya wimbo kwa dakika. Wimbo wa mapigo 120 unakupa milisekunde 500, yaani pigo zima. Nusu yake ni 250. Mwangwi uliopangwa hivyo unarudi ndani ya wimbo. Ukiukisia, unakuvuruga. Na ukishamaliza kupiga, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu, maana hewa ya bahari ya hapa inazila kwa kutu.

Zoezi la mwisho ndilo ninalolithamini kuliko yote. Kasparyan alijiunga na Kino mwaka 1983, na kiangazi cha 1990 yeye na Tsoi walikuwa Latvia, kijijini karibu na bahari, wakirekodi nyimbo mpya kwa majaribio. Kasparyan akaondoka na kanda kwenda Leningrad. Tarehe 15 Agosti Tsoi akafa kwa ajali ya gari, ana miaka 28. Bendi ikamaliza albamu kwa kuizunguka sauti iliyokuwa kwenye kanda ile. Mwaka 2021 Kino ilipanda tena jukwaani, Kasparyan akipiga, na sauti ya Tsoi ikitoka kwenye rekodi za zamani.

Fanya hivi: mwombe mwimbaji wako arekodi wimbo kwenye simu, yeye na gitaa moja tu, halafu akuachie. Kaa wiki nzima usiuguse. Kisha jifungie peke yako na utie solo. Huwezi kumwambia arudie, wala angoje kidogo. Itabidi umsubiri avute pumzi, na hapo ndipo noti yako inaingia.

Mwimbaji wa bendi yetu alifariki miaka sita iliyopita, akaniachia wimbo mmoja kwenye simu, na sauti ya adhana ya alasiri inasikika kwa mbali nyuma yake. Mwaka mzima sikuweza kuufungua. Nilipoufungua nilikaa nao siku tatu, nikipiga na kufuta. Solo niliyoibakiza ina noti kumi na moja.