Mafungo ya siku 3 kando ya Ziwa Tanganyika: ninavyoyaandaa hapa Kigoma

Wakatoliki wenzangu wanayajua mafungo, na jirani zangu Waislamu wa Ujiji wanaijua itikafu. Kwa hiyo nikisema nakwenda kukaa kimya siku 3 ufukweni, hakuna anayeshangaa. Wanachouliza ni yoga, mazoezi ya mwili na pumzi tunayoyafanya huko. Mimi ni mkunga. Miaka mingi nimewashika mkono wanawake wodini nikiwaambia, "Mama, pumua, toa pumzi taratibu." Siku mgongo wangu uliponilaza kitandani, mtaalamu wa mazoezi ya viungo akanifundisha mikao michache ya yoga, nikagundua pumzi niliyokuwa nikiwahimiza wengine mwenyewe sikuwa nayo. Tangu hapo kila mwaka nachukua watu 8, wakizidi sana 10, tunavuka kwa boti kutoka Kibirizi kwenda ufukwe mmoja kaskazini mwa mji.

Ukitaka kuandaa ya kwako, anza kwa kutazama mwezi wa angani. Wavuvi wa dagaa huvua usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haivuti samaki, nao hupumzika. Mwaka wa kwanza sikulipa uzito jambo hilo, nikachagua wiki ya giza. Alfajiri tukatandika mikeka kwenye mchanga uliofagiliwa vizuri mno, tukafumba macho. Tulipofumbua, kina mama walikuwa wamesimama mbele yetu na ndoo kichwani, maji ya dagaa yakiwachuruzika hadi mabegani, wanatusubiri. Mmoja akasema kwa upole kabisa, "Dada, hapa ndipo tunapoanika." Ule mchanga walikuwa wameufagia jana yake kwa ajili ya kazi yao. Tukakunja mikeka, tukainama nao kumwaga na kutandaza dagaa, mmoja mmoja asilale juu ya mwenzake, mpaka jua likawa kali.

Siku hizi nachagua siku za mwezi mpevu, mwishoni mwa Mei au Juni, mvua zikishakatika na kabla moto wa nyika haujajaza milima moshi. Kwanza naenda kwa mwenyekiti wa kijiji, kisha kwa wale kina mama wa mwaloni, wanakoshushia samaki. Wote wawili wanipe ruhusa, si mmoja tu.

Watu huniambia twende Gombe. Naipenda Gombe, lakini ni hifadhi ya taifa tangu 1968, ina viingilio na taratibu zake, na sokwe wake huambukizwa mafua yetu. Watu 10 wanaotaka kuimba na kuwasha moto wakae mahali pengine.

Ratiba yangu naipanga kwa mwanga. Huku magharibi jua huchelewa: mwezi Juni linachomoza kama saa 1 asubuhi, na ufukweni utalisubiri zaidi kwa sababu linatokea nyuma ya milima. Kati ya adhana ya alfajiri na jua kuna saa nzima na dakika kadhaa. Hiyo ndiyo saa ya tafakuri, na singeibadilisha kwa nyingine yoyote. Waislamu wanaswali kwanza, anayesali rozari anasali, kisha tunakaa. Vuta pumzi kwa hesabu ya 4, itoe kwa hesabu ya 6, dakika 20. Mawazo yakikuchukua, rudi kwenye sauti ya wimbi dogo linalorudi ziwani, si lile linalokuja. Huwaambia kwamba ziwa hili, penye kina kirefu zaidi, linashuka kama mita 1,470, na duniani ni Ziwa Baikal la Urusi tu linalolizidi. Sisi tunasikia ngozi yake tu. Nimeona watu wakitulia mabega kwa kusikia hivyo.

Yoga inafuata kukishapambazuka, tumbo likiwa tupu. Mchanga mkavu unadanganya: kiganja kinazama na kifundo cha mkono kinauma siku ya pili. Fanyeni mikao ya kusimama kwenye mchanga ulioloa, karibu na maji, ambako mguu unashika. Salamu ya jua, mikao inayofuatana ya kuinama na kuinuka, tunaifanya tukielekea milimani, ziwa mgongoni. Jioni tunageuka, tunalitazama jua likizama upande wa Kongo. Mkao wa mwisho, wa kulala chali, kichwa kiwe upande wa juu wa mteremko. Tandika mkeka wa ukindu na kitenge juu yake. Mjamzito na mwenye shinikizo la damu wasibane pumzi wala kuning'iniza kichwa chini. Hapo sibembelezi mtu, nawatoa kwenye mkao.

Nawaambia pia ukweli kwamba yoga imetoka India na ina mizizi katika imani za kule. Tunachukua mwili na pumzi, na kila mtu anabaki na sala yake.

Sherehe ni jioni ya mwisho. Usiite tambiko. Wenyeji wana matambiko yao, mahali pake na wazee wake, na si ya kuigiza. Sisi tunanawishana mikono. Tunakaa duara kuzunguka moto, beseni moja, kata moja ya maji ya ziwa yaliyochemshwa yakabaki na uvuguvugu. Mdogo kuliko wote anaanza kumnawisha wa kulia kwake, bila neno, naye anamnawisha anayefuata. Nyumbani tunanawishwa kila siku kabla ya ugali na hatutazami. Pale unamtazama mtu anayekumwagia, unaona anavyoinamisha kata maji yasiishe haraka. Mwaka jana bibi mmoja alishika vidole vya kijana asiyemjua, akavisugua kimoja kimoja kama vya mtoto, na yule kijana akalia. Tulimwacha alie. Baada ya hapo ndipo watu huimba.

Chakula kiwe cha hapa: uji baada ya yoga, mchana ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa humu ziwani, na maharage ya mawese. Mpishi atoke kijijini na alipwe siku ya kwanza. Chandarua ni lazima. Msiingie majini kabla ya kuwauliza wenyeji habari za mamba na viboko, na jioni msiingie kabisa.

Simu zote ziingie kwenye kikapu, isipokuwa moja ya mpishi, yenye sauti, na namba yake iachwe kwa familia zote. Mama aliyeacha mtoto nyumbani hawezi kutafakari bila hiyo. Siku ya kuondoka fukieni majivu, fagieni mchanga mlioukuta umefagiliwa, mnywe uji, na boti ikishaonekana ndipo mrudishiane simu.