Kabla hujabishana nani alifyatua kwanza: jinsi ya kujua Star Wars yako ni ya mwaka gani

Mi na binamu yangu tuliwahi kununiana wiki nzima kwa sababu ya risasi moja, yeye anasema Han Solo ndo alifyatua kwanza, mi nasema Greedo. Yeye Star Wars aliiona kwenye mkanda wa VHS ambao mjomba alirudi nao safari, mi nimeiona kwenye DVD, afu kila mtu anaapa kwamba anachosema kakiona kwa macho yake mwenyewe. Na kweli wote wawili tulikuwa tumekiona. Muvi ni ileile, jina lilelile, ila imefunguliwa na kushonwa upya mara kadhaa tangu 1977, sa ukibishana bila kujua mwenzako kaona ipi mtabishana mpaka alfajiri na hamna atakayeshinda.

Kwa hiyo ukikutana na huu ubishi, swali la kwanza ni "we umeangalia ipi?". Wengi hawatajua kujibu, ndo maana naandika hapa namna ya kujua, na haihitaji utaalamu wowote, ni remota tu na dakika kama ishirini.

Anza na yale maandishi ya njano yanayopanda mwanzoni kabisa. Muvi ilipotoka Mei 1977 ilikuwa Star Wars basi, hamna namba hamna nini. Maneno ya Episode IV na A New Hope yaliongezwa ilipoachiwa tena 1981. Kama maandishi yako hayana hayo maneno, shikilia hapohapo, una ile ya kwanza kabisa. Kama yanayo, bado hujajua kitu, maana inaweza kuwa mkanda wa zamani kabla ya 1997 au chochote kilichokuja baadaye, endelea.

Sasa nenda kwenye baa ya Mos Eisley, pale Han Solo kakaa mezani na Greedo, yule wa kijani aliyetumwa kumkamata kwa ajili ya deni. Hapa usiangalie kwa kasi ya kawaida, simamisha, sogeza kidogokidogo. Kwenye ile ya 1977 Han anaongea taratibu huku mkono wake mmoja uko chini ya meza unafungua bastola, Greedo anamwambia amesubiri siku hii kwa muda mrefu, Han anajibu nna uhakika umesubiri, afu bum, moshi, Greedo kichwa mezani. Risasi ni moja tu. Han anainuka, anamtupia mwenye baa hela ya usumbufu, anaondoka zake. Kwenye toleo la 1997, lile linaloitwa Special Edition, Greedo ndo anafyatua kwanza na anakosa, watu wako meza moja mtu anakosa! Na kichwa cha Han kinasogezwa pembeni kwa kompyuta, ukiangalia vizuri unaona shingo imeenda namna ambayo shingo ya mtu haiendi. 2004 kwenye DVD wakapunguza pengo, wanafyatua karibu sawasawa. Afu 2019 ilipoingia Disney+ Greedo akaongezewa neno moja kabla ya kufa, "Maclunkey", ukilisikia hilo umemaliza, una ya 2019.

Najua mtu asiyependa hizi muvi atasema sasa nusu sekunde ina shida gani. Shida ni kwamba hiyo nusu sekunde ndo inayomtambulisha Han. Pale mwanzoni sio steringi mwema, ni mtu wa magendo, anaua kabla hajauliwa na halali vibaya usiku, na ndo maana mwishoni akirudi kumsaidia Luke, yule kijana steringi wa hadithi, unapata ile raha, kwa sababu mtu kabadilika. Ukimfanya ajitetee tu tangu mwanzo, umemnyang'anya safari yake. Mi hapa niko upande wa binamu, nilikubali baada ya kuona mkanda wake.

Kama baa haijakupa jibu, nenda mbele kidogo kwenye gati ya chombo, ukimuona Jabba, yule bosi wa genge anayemdai Han, anaongea na Han basi una ya 1997 au baadaye. Hii sini ina historia nzuri. Ilipigwa kweli 1976, na Jabba alikuwa binadamu kabisa, mwigizaji Declan Mulholland kavaa manyoya, ikaachwa nje. 1997 wakamfunika na Jabba wa kompyuta, ila kulikuwa na tatizo, kwenye picha ya zamani Han anazunguka nyuma ya yule jamaa, na Jabba tunayemjua ana mkia mrefu. Wakafanyaje? Wakamuinua Harrison Ford kwa kompyuta, anapanda juu kidogo halafu anashuka, kama kakanyaga mkia. Simamisha hapo uone mwenyewe. Na maneno anayoambiwa Han ni karibu yaleyale aliyoambiwa na Greedo dakika chache nyuma, kwa hiyo hadithi inasimama bila sababu. Bora wangeiacha kwenye kabati.

Hatua inayofuata ni Return of the Jedi, muvi ya tatu, na hapa mwisho wa muvi unakupa majibu mawili kwa mpigo. Darth Vader, yule mwovu wa kofia nyeusi, anapomuinua Mfalme na kumtupa shimoni, je yuko kimya au anapiga kelele "No"? Akiwa kimya una kitu cha kabla ya 2011, akipiga kelele una Blu-ray ya 2011 au baada yake. Afu pale kwenye moto na wale Ewok, viumbe vidogo vya manyoya, mizimu mitatu inamtokea Luke. Mmoja ni Anakin, ndo Vader mwenyewe kwa jina lake la zamani. Akiwa mzee, huyo ni Sebastian Shaw, una toleo la 1983 au 1997. Akiwa kijana mwenye nywele ndefu, huyo ni Hayden Christensen, una 2004 kuendelea. Na muziki pia usikilize, wimbo wa Ewok wenyewe ndo wa 1983, ukisikia filimbi tulivu na ukaona watu wanasherehekea kwenye miji ya sayari nyingine hiyo ni 1997 na kuendelea.

Haya, umeshajua una ipi. Sasa ndo unaweza kubishana, na hapa pia kuna namna.

Tenganisha usafi na ukarabati wa hadithi. Watu wengi wanachanganya na ndo ubishi unaharibika. Kwenye The Empire Strikes Back, muvi ya pili, vita ya kwenye theluji, vile vindege vidogo vilikuwa vinaonekana kama mzimu, unaona theluji kupitia dashibodi kwa sababu ya namna picha zilivyokuwa zinapachikwa juu ya picha miaka ile. 1997 wakaziba. Sijawahi kukutana na mtu anayelilia ile dashibodi ya mzimu. Pia zile boksi za weusi tofauti zilizokuwa zinazunguka vyombo angani wakazifuta. Huo ni usafi, ukimshambulia mtu kwa hilo unapoteza nguvu bure. Kumpa Greedo risasi, kumwondoa Shaw, kumpigisha Vader kelele pale ambapo kimya chake ndo kilikuwa kinasema kila kitu, hayo ni mambo mengine.

Afu mtendee haki George Lucas, aliyeitunga na kuiongoza ile ya kwanza na ndo aliyefanya haya mabadiliko, usimfanye adui. Bajeti ya ile muvi ya kwanza ilikuwa kama dola milioni 11, muda ulikuwa mfupi, na yeye mwenyewe kasema mara nyingi kwamba kilichotoka 1977 kwake kilikuwa kazi ambayo haijaisha. Mimi namwamini. Fundi akiangalia kabati alilotengeneza anaona misumari tu, mteja anaona kabati. Hakuna ubaya fundi kutengeneza jingine.

Mwenzako akikuambia "ni muvi yake bana, ana haki" usimtukane, mjibu kwa hoja mbili. Moja, zile mbili zilizofuata hakuziongoza yeye, The Empire Strikes Back kaongoza Irvin Kershner na Return of the Jedi kaongoza Richard Marquand, na Marquand alifariki 1987, miaka kumi kabla ya mabadiliko, sa nani alimuuliza? Na Shaw alifariki 1994, akafutwa kwenye sini yake ya mwisho 2004. Hata ile ya kwanza ilipata Oscar ya uhariri na Oscar ya picha za ufundi, kuna watu walikesha na mifano ya plastiki na gundi mpaka ile kazi ikatoka, ile kazi nayo ni yao.

Mbili, na hii ndo nzito, Machi 1988 Lucas mwenyewe alienda mbele ya Bunge la Marekani kuzungumza kuhusu kulinda filamu. Wakati ule kelele ilikuwa juu ya matajiri kupaka rangi muvi za zamani nyeusi na nyeupe. Akaonya kwamba kesho teknolojia itaweza kubadilisha sura za waigizaji zikawekwa mpya na kubadilisha maneno yao. Soma tena halafu fikiria Shaw na Christensen. Wengine huitoa hii kama rungu la kumpigia, mi naitoa kwa sababu naona alisema kweli, na ukweli haubadiliki kwa sababu aliyeusema alikuja kufanya vingine.

Mpe na mifano ya waliofanya vizuri. Steven Spielberg 2002 alibadilisha E.T., bunduki za askari zikageuzwa redio za mkononi, baadaye akasema wazi anajuta, na Blu-ray ya 2012 ikatoka na ile ya 1982 kama ilivyokuwa. Ridley Scott naye kaigusa Blade Runner mara ngapi, ila 2007 lilitoka boksi lenye matoleo matano pamoja, unachagua unayotaka. Ubishi wa Blade Runner upo mpaka leo lakini ni ubishi wa raha, kwa sababu hamna aliyenyang'anywa kitu. Hicho tu ndo tunachodai kwa Star Wars, wabadilishe wapendavyo lakini na ile ya kwanza iwe dukani pembeni yake.

Kwa sasa ukitaka kuiona ile ya kwanza kihalali kuna njia chache. Tafuta DVD za 2006, kila muvi ina diski mbili, ya pili ndo ina toleo la sinema. Usitegemee ubora, walichukua kopi ya zamani iliyotengenezwa kwa ajili ya LaserDisc, zile diski kubwa za muvi za zamani, 1993, kwenye tivi pana utaona picha imekaa katikati na weusi pande zote nne, bonyeza zoom kwenye remota itajaa japo itapoteza ukali. Mwaka 2027 muvi inatimiza miaka 50 na Lucasfilm, kampuni aliyoanzisha Lucas, wametangaza itarudi kwenye majumba ya sinema, kwa hiyo fuatilia ni toleo gani litafika kwenu kabla hujanunua tiketi.

Njia nyingine ni mikanda. Ulizia kwa wajomba na majirani, VHS yoyote rasmi iliyotoka kabla ya 1997 ni ya zamani, na zile za 1995 ndo nzuri zaidi, utazijua kwa makasha, Star Wars ina kofia ya Vader, ya pili ina askari mweupe, ya tatu ina sura ya Yoda. Ukiupata usikimbilie kuutia kwenye deki. Huku Pwani na unyevu wetu mikanda inaota ukungu, inua kile kifuniko cha mbele, angalia kingo za utepe, ukiona unga mweupe usiucheze kabisa, utachafua vichwa vya deki na utepe unaweza kukatika, mpelekee mtu anayejua kusafisha. Ukiwa safi, upeleke mbele mpaka mwisho afu urudishe ili utepe ukae sawa, chomeka zile waya tatu za njano, nyeupe na nyekundu kwenye kifaa cha kurekodia kwenye kompyuta, na urekodi muvi nzima kwa mara moja. Wa binamu yangu tuliufanya hivyo mwaka juzi, rangi zimefifia na kuna mstari unapita chini ya picha, lakini kwenye baa ya Mos Eisley risasi ni moja.