Kuhamia Nchi Nyingine Pamoja na Mbwa au Paka

Anza na chipu ya utambulisho yenye tarakimu 15, inayopandikizwa chini ya ngozi, ndipo ifuate chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa kuwa Umoja wa Ulaya, kwa mfano, hauitambui chanjo iliyotangulia chipu. Mnyama anayetoka katika nchi isiyo kwenye orodha ya Umoja huo ya nchi zenye masharti nafuu hupimwa damu siku 30 au zaidi baada ya chanjo, kisha husubiri miezi 3 tangu damu ichukuliwe. Kwa hiyo nusu mwaka wa maandalizi si mwingi hata kidogo.

Kizimba cha safari kimwezeshe kusimama, kugeuka na kulala. Mzoeze mnyama mapema kulala ndani yake, juu ya shuka analolifahamu kwa harufu, na usimpe dawa ya usingizi, kwani angani huweza kumzuia kupumua vyema.